Kibati Namba Arobaini na Moja

Nyumba za wafanyakazi, Ghubani
Jumatatu, 4 Agosti

Dada Kasuku,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nakuandikia wewe kwa sababu huwezi kuniona uso. Kibati namba arobaini na moja nilikitundika mimi.

Ngoja nianze vizuri, maana najua umeshakunja uso unauliza, kibati gani tena, Konokono? Tangu uende chuo cha uuguzi kuna mambo yamebadilika hapa. Siku hizi kila mgeni anayeingia majini anafungwa mkononi kibati chenye namba. Akitoka anakirudisha, kinatundikwa kwenye ubao mkubwa pale kibandani. Ubao ukijaa, bahari haina mtu: boti inarudi, redio inazimwa, Baba anakwenda kufunga lango. Ukibaki msumari mmoja mtupu, kuna mtu bado yuko ndani na hakuna anayeondoka. Ni wazo la Baba mwenyewe. Mkuu wa hifadhi alimpigia makofi mbele ya wenzake wote, na Baba yako muda wote huo alikuwa anatazama viatu vyake.

Mimi likizo hii naosha miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia. Kazi nzuri, haina maneno. Beseni la sabuni, beseni la maji safi, kamba ya kuanikia. Wageni wengine wananiambia asante kwa lugha ya shuleni, wengine kwa lugha ya nyumbani, nami nawanyamazia kwa zote mbili. Ndiyo faida ya kusoma.

Juzi Jumamosi, saa kumi kasoro, niliingia kufagia vyumba vya kubadilishia nguo, nikakikuta kibati juu ya benchi. Arobaini na moja. Sheria inasema ukiokota kibati bila mwenyewe, usikitundike. Unachukua kipaza sauti, unatoka ufukweni, unaita namba mara tatu. Unakumbuka kile kipaza sauti? Nilikuandikia mwezi wa nne, nilipotumwa kuita mwenye gari lililoziba njia, sauti ikanikatika katikati kama jogoo anayejifunza kuwika, na wale vijana wa timu ya mpira wakaniigiza mpaka basi lao lilipoondoka. Basi Jumamosi ufukwe ulikuwa umejaa watu. Bafuni nikasikia maji yanamwagika. Nikajiambia, ndiye huyo, anaoga. Sikugonga mlango, maana nikigonga lazima niseme kitu. Nikaenda nikakitundika.

Aliyekuwa anaoga alikuwa mtu mwingine.

Mwenye kibati ni mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja peke yake. Asubuhi yote alitembea njia ya majabali na kofia yake kubwa, mchana akaogelea akitazama samaki. Kibati kilikuwa kinamkwaruza mkono, akakivua, akarudi majini kwa dakika tano tu. Mkondo ukamchukua mpaka ghuba ndogo ya pili, ukampiga mwambani, kifundo cha mguu kikavunjika. Na huku ubao umejaa, boti imerudi, redio imezimwa. Baba alipokwenda langoni saa kumi na moja na nusu ndipo akaona gari jeupe limebaki peke yake. Saa nzima na nusu, Dada. Hakungoja boti iwashwe, aliogelea mwenyewe. Alimkuta amekumbatia kamba ya boya, hata meno hayawezi tena kugongana.

Yu hai. Yuko hospitali. Lakini pale pale kibandani Mkuu aliuliza, "Nani alitundika hiki?" na mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nina miwani mkononi, natiririsha maji sakafuni.

Kesho Jumanne tunafunga, samaki na matumbawe wapumzike, na gari la ofisi linakwenda mjini. Dereva atakuletea hii. Usinipigie simu, utasikia napumua tu.

Mdogo wako,
Konokono


Bweni la wanafunzi wa uuguzi
Alhamisi, 7 Agosti

Konokono wangu,

Barua yako nimeisomea stoo ya wodi, nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, mpaka msimamizi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nina mdogo tu.

Sasa nisikilize. Yule mama yu hai? Yu hai. Kifundo kinaunga? Kinaunga, mimi wiki hii nimeshika miguu iliyovunjika vibaya zaidi ya huo na wenyewe wananitania. Wiki nane anatembea, mwakani anarudi na kofia yake. Basi. Kaa kimya. Maisha yako yote nakuambia fungua mdomo, leo nakuambia ufunge, na hilo angalau unaliweza.

Watafanyaje? Wataunda kamati. Kamati itakunywa chai. Wataandika kwamba utaratibu uboreshwe, watanunua ubao mkubwa zaidi, kwisha habari. Baba ana miaka kumi na minane katika maji yale, anamjua kila samaki kwa ukoo wake. Hakuna atakayemgusa. Lakini wewe, binti wa miaka kumi na tano, ukisimama useme ni mimi, utaitwa "yule aliyekaribia kuua mtu" mpaka uote mvi. Watu hawasahau maneno, wanasahau kimya. Niamini, mimi ndiye msemaji wa familia.

Na ule. Najua huli. Ukiwa na jambo unaupanga wali pembeni mwa sahani kama unajenga ukuta.

Ukimaliza kusoma uchane.

Dadako,
Kasuku


Ghubani
Jumatatu, 11 Agosti

Dada,

Ulisema hakuna atakayemgusa.

Siwezi kukaa. Nikikaa miguu inasimama yenyewe. Miwani naisuuza mara tatu, jana mgeni mmoja alirudi analalamika kwamba miwani yake inanuka sabuni kama nepi ya mtoto. Kila nikipita kibandani nahesabu vibati, nikifika mwisho naanza tena. Leo asubuhi kabla hatujafungua nilitembea njia ya majabali mpaka ghuba ya tatu, mawe yote yale yaliyopakwa rangi nyeupe, moja mpaka hamsini na mbili. Sikwenda kufanya lolote. Nilifika nikageuka. Pale juu ya ghuba ya pili nilisimama, nikaangalia boya. Ni jekundu, dogo, kwa mbali kama kifungo cha shati. Mtu ameshikilia kifungo cha shati saa nzima na nusu.

Nikashuka nikavaa miwani yangu na mrija, nikaingia. Unajua mimi chini ya maji ndiko ninakokuwa mtu wa kawaida, hakuna anayetegemea nimjibu. Samaki pono walikuwepo, wanatafuna mwamba, unawasikia kabisa, kru, kru, kama watu wanaokula barafu. Siku zote sauti ile hunituliza. Leo nikaona wananisema.

Lakini si hilo ninalotaka kukuambia. Ni Baba.

Baba anasahau. Anafunga mlango wa nje anakwenda kazini, hajafika hata kwenye bomba la maji anarudi kutazama kufuli. Saa saba anarudi tena. Anapita koridoni, anasimama, anakohoa, anaondoka. Juzi aliniuliza, "Hivi mwanangu, jiko nimezima?" Alilizima mbele yangu, Dada, mkono wake ulikuwa bado uko kwenye jiko! Nikatikisa kichwa ndiyo. Akaniangalia kama anangoja zaidi, halafu akaenda zake.

Jana akaja na karatasi. Kamati inakaa Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 21, na kila mfanyakazi anatakiwa kupeleka maelezo yake kwa lugha ya ofisi. "Wewe ndiye msomi," akaniambia, "nikutajie, uniandikie." Akakaa kitandani pako, mikono katikati ya magoti, akataja polepole. *Siku hiyo nilikuwa nimechoka. Nadhani kibati namba arobaini na moja nilikitundika mimi mwenyewe, nikasahau.*

Nikaandika. Mwandiko mzuri kabisa, hakuna hata herufi iliyopinda. Akauliza, "Umeandika kama nilivyosema?" Nikatikisa kichwa ndiyo.

Anaamini ni yeye, Dada. Nimenyamaza mpaka Baba ameanza kuishuku akili yake mwenyewe. Wakikubali maelezo yale wanamtoa majini, wanampeleka kwenye ghala la barabarani akagawe rangi na misumari. Nahodha wa boti ameshasikia. Miaka kumi na minane.

Dereva kaniambia safari hii ana barua nyingine ya kukuletea, sikuuliza imetoka kwa nani. Nijibu upesi. Usinitanie.

Konokono


Ghubani
Jumatatu, 11 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hapa ni wazima. Bahari imechafuka kidogo tangu Alhamisi, chini hakuonekani vizuri, wageni wamepungua. Natumaini masomo yanakwenda na unalala.

Mimi si mtu wa kuandika mengi, kwa hiyo nitasema moja kwa moja. Umesikia habari za yule mwalimu. Kibati chake alikitundika mdogo wako.

Nilijua siku ile ile, niliporudi kutazama ubao nguo zikiwa bado zinanichuruzika. Wageni hutundika ovyo. Mimi hupitisha kamba mara moja. Kamba ya arobaini na moja ilikuwa imezungushwa kwenye msumari mara mbili na kupigwa fundo dogo, kama anavyofunga kila kitu tangu akiwa darasa la kwanza, viatu, mfuko wa sukari, kila kitu. Nililifungua kabla mtu mwingine hajaliona.

Utauliza kwa nini simwulizi. Mara ya mwisho nilimwuliza jambo kwa ukali alikuwa na miaka tisa, akakaa siku nne bila neno. Wakati ule mama yenu alikuwepo wa kumrudisha. Sasa niko peke yangu na sijui njia aliyokuwa akipita.

Kwa hiyo nampa nafasi, lakini mimi si fundi wa mambo haya. Namwuliza maswali ya kijinga, jiko, kufuli, ili afungue tu mdomo. Narudi nyumbani mara mbili kwa siku nipite mbele ya mlango wake. Nakohoa. Nasikia karatasi zinafichwa, nasikia droo inafungwa, naondoka. Hata yale maelezo ya kamati ningeweza kumpa karani. Nilimpa yeye nikidhani kalamu itamkwama. Haikukwama. Ana mwandiko mzuri.

Usifikiri najitoa kafara. Sheria ya kuita namba niliitunga mimi, na nilijua binti yangu hawezi kushika kile kipaza sauti, na bado nilimwacha peke yake kule nyuma nikaenda kunywa chai na nahodha. Nikisema mbele ya kamati ni kosa langu, uongo uliomo ni mdogo.

Nakuomba usimwambie kwamba najua. Akiambiwa atakuwa amekamatwa. Mimi nataka atoke mwenyewe.

Vaa soksi, huko kwenu nasikia baridi imeanza.

Baba yenu


Bwenini
Jumatano, 13 Agosti

Mdogo wangu,

Nimesoma. Nimesoma tena. Leo nimempima mgonjwa mmoja joto mara tatu, mpaka wa kitanda cha pili akaniambia, "Nesi, kwangu huji?"

Sikutanii. Nilikosea, na nitakuambia kwa nini nilikosea. Nilipokuambia kaa kimya sikuwa nakufikiria wewe. Nilikuwa najifikiria mimi hapa, bweni la watu kumi na wawili, kitanda cha juu, na jambo moja linaloniwezesha kulala: kwamba huko nyuma kuna nyumba yenye bati la bluu, Baba yuko majini, wewe uko na mabeseni yako, kila kitu kipo pale pale nilipokiacha. Nilitaka kisisogee. Nikakugeuza wewe kuwa kufuli. Nisamehe.

Yako mambo nimeyasikia ambayo nimeombwa nisiyaseme, nawe unanijua, siri ikiniingia midomo inaniwasha kama nimekula pilipili. Safari hii nitajikaza. Lakini hakuna aliyenikataza kukumbuka utoto wetu. Kwa hiyo nitakuambia mambo mawili, uyapokee kama porojo.

La kwanza. Unakumbuka nilivyokuwa nakugombeza kwa sababu ya mfuko wa sukari? Kila mara natakiwa kutumia meno kuufungua. Katika nyumba yetu, na katika ghuba nzima na majabali yake, hakuna mtu mwingine anayezungusha kamba mara mbili na kupiga fundo juu. Ni wewe tu. Kipofu angejua kwa kupapasa.

La pili. Baba hajawahi kuumwa kifua. Kikohozi hicho si ugonjwa. Nakuambia kama muuguzi.

Sasa fikiria polepole, kama unavyopenda.

Dadako


Ghubani
Jumatano, 20 Agosti

Dada,

Barua hii itaondoka Ijumaa, kwa hiyo ukiisoma kikao kitakuwa kimekwisha na pengine umeshajua. Naandika hivyo hivyo.

Yako niliipata Ijumaa iliyopita, nikaenda kuisomea njia ya majabali, nimekaa juu ya jiwe la thelathini. Nilipofika kwenye mfuko wa sukari nilicheka. Kisha nikaacha. Nikarudi mbio mpaka kibandani, nikautazama ubao. Kibati kile hakijagawiwa mgeni tangu siku ile, kinangoja kamati, na kamba yake imepitishwa mara moja. Hakuna fundo. Mimi sijawahi kupitisha kamba mara moja maishani mwangu. Aliyelifungua alikuwa amejua tangu siku ile, na akaja kukaa kitandani pako akanitajia kila neno.

Nilikasirika kwanza. Nikwambie kweli, nilimkasirikia siku nzima. Alijua, na bado akaniacha nihangaike hivi? Halafu saa saba nikamsikia anarudi kutazama kufuli, akapita, akakohoa, na mimi nilikuwa nimeshafungia barua yako ndani ya droo kabla sijawaza, mkono wenyewe ulikwenda. Nikasikia hatua zake zinaondoka taratibu. Nikaona sisi sote wawili ni wajinga wa aina moja. Nimemrithi.

Jana tulifunga, ufukwe mtupu. Nikachukua kipaza sauti. Nilikitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetazama mbwa wa jirani. Nikatoka mpaka maji yakanifika vifundoni, nikakiwasha, kikapiga mluzi ule wake mbaya.

"Arobaini na moja!"

Nahodha alikuwa anapaka boti rangi, brashi ikamtoka. "Mwite hospitali!" akapiga kelele. "Huku hayupo!"

"Arobaini na moja!"

"Heh! Kumbe sauti unayo! Ulikuwa umeiweka wapi, bibie?"

Ya tatu ikanikatika. Pale pale kwenye moja, kama jogoo yule yule. Nikavuta pumzi nikaimalizia. Nahodha hakucheka, au alicheka sikumsikia. Nilipogeuka nikamwona Baba juu kwenye njia ya majabali na panga lake, alikuwa anafyeka majani kwenye mawe. Alikuwa amesimama, panga limening'inia tu mkononi. Hakupunga mkono, wala sikupunga. Baadaye akaendelea kufyeka.

Jioni kwenye chakula aliniuliza kama chumvi imetosha. Nikasema, "Imetosha, Baba." Maneno mawili, Dada, na nilikuwa nimejiandaa kusema mia mbili. Mengine yakarudi chini.

Kamati ni kesho saa nne. Mkuu atakuwepo, watu wawili kutoka makao makuu, na yule mwalimu atakuja na magongo yake. Naogopa magongo kuliko hao wengine wote. Wanaweza kumtoa Baba majini hata nikisema, kwa sababu ni yeye aliyeniacha kibandani. Wanaweza kunikataza nisikanyage pale. Nimeyafikiria hayo yote kwa kutembea, sakafu ya chumba hiki naijua sasa kuliko mtu aliyeijenga.

Lakini tangu saa sita nimekaa, na miguu imekubali. Mbele yangu kuna karatasi mbili. Moja ni maelezo ya Baba niliyoandika kwa mwandiko mzuri. Ya pili ni yangu, nimeiandika kwa lugha ya ofisi na chini yake kwa lugha yetu, ili kila atakayekuwepo aelewe bila kutafsiriwa. Ina makosa, nimefuta mara tatu, upande wa kulia wino umemwagika. Inaanza: *Kibati namba arobaini na moja nilikitundika mimi. Niliona aibu kuita.* Nitaisoma mwenyewe. Sauti ikikatika, nitangoja irudi.

Lakini kabla ya kamati kuna mtu mmoja anayepaswa kuisikia, na nilikuwa nafikiria nimwambieje, nimwendee kibandani au nimngoje

Kufuli limegongwa. Ni saa saba. Anakuja koridoni, nazijua hatua zake, kiatu cha kulia kinaburuza. Mkono wangu tayari uko kwenye droo, angalia mkono huu. Nimeurudisha. Hizi karatasi zote ziko juu ya meza, yake, yangu na hii yako, na sizifuniki.

Amesimama. Amekohoa.

Nimesema, "Mlango uko wazi, Baba," na imetoka kwa sauti, nimeisikia mwenyewe, na kitasa kina